Jicho Fupi la Fundi wa Misumeno

Juzi mmoja wenu, ninyi vijana mnaosomea mambo ya macho na mnaokuja hapa Kiamunyi kunimalizia majani ya chai, alinionyesha kwenye simu picha ya mashine mpya. Mgonjwa anaweka kidevu, mashine inalia kidogo, na hapo hapo urefu wa jicho lake unatokea kwenye kioo pamoja na nguvu ya lenzi atakayopandikizwa. Nilifurahi, sitawadanganya. Kisha yule kijana akaniuliza kwa upole, ule upole wa kuzungumza na mtu aliyepitwa na wakati, kama sisi wa zamani tulikuwa tunakisia tu.

Chai ilinipalia. Hatukukisia, mwanangu. Tulihesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba ningeweza kukuandikia kiganjani. Kazi ilikuwa kupata namba ya kutia ndani ya hesabu hiyo. Na kama jicho lenyewe lilikuwa fupi, ole wako ukikosea.

Nieleze kwa ajili ya wale ambao ndio kwanza wanaanza. Ndani ya jicho kuna lenzi ya kuzaliwa nayo. Mtu akizeeka inaingia ukungu, ndiyo tunaita mtoto wa jicho, na daktari anaitoa. Jicho likibaki bila lenzi haliwezi kukusanya mwanga, kwa hivyo lazima umpe mgonjwa lenzi nyingine, ama nje kwenye miwani, ama ndani ya jicho lenyewe. Ile ya ndani lazima ilingane na urefu wa jicho. Jicho fupi linataka lenzi kali zaidi, kwa sababu mwanga una safari fupi kabla ya kugonga ukuta wa nyuma. Na kosa dogo katika jicho fupi huwa kosa kubwa. Fundi cherehani akikosea inchi moja kwenye koti la mtu mnene, koti litavalika. Akikosea inchi hiyo hiyo kwenye gauni la mtoto mchanga, amepoteza kitambaa.

Mimi sikuanzia hospitali. Miaka ya sitini, nikiwa msichana niliyetoka shule nikikosa la kufanya, niliajiriwa katika duka la miwani la Mzee Alibhai mjini Nakuru. Mzee huyo alikuwa mkali, mfupi, na kila neno lake lilipita kwenye meno yaliyoshika kipande cha tambuu. Alinifunza kusoma namba ya lenzi kwa mkono. Unashika lenzi mbele ya dirisha lenye nondo, unaisogeza kushoto. Nondo zikikimbia kulia, kinyume na mkono wako, hiyo ni lenzi ya kukuza. Sasa unachukua lenzi za kupunguza kutoka kwenye sanduku, unaziweka juu yake moja baada ya nyingine, unasogeza tena na tena. Ile itakayofanya nondo zitulie kabisa, namba yake ndiyo namba uliyokuwa ukitafuta.

Niliona rahisi. Mzee Alibhai alininyima chai mpaka niweze kutofautisha hata robo ya namba. Nilizitazama nondo za dirisha lile hadi nikajua ni ipi yenye kutu kuliko wenzake, na nikikosea alinyanyua nyusi tu akarudi kwenye kusaga vioo vyake. Siku niliyopata lenzi saba mfululizo bila kosa aliniwekea kikombe mezani, akasema chai imepoa kwa sababu nilichelewa kujifunza. Nilimpenda sana mzee yule. Alifariki kabla ya haya ninayotaka kuwaambia, na siku moja nilimhitaji vibaya.

Baadaye nilisomea uuguzi, nikarudi Nakuru, nikaishia katika kliniki ya macho ya Daktari Suresh. Mimi ndiye niliyepima wagonjwa na kumsaidia katika chumba cha upasuaji. Wakati huo, mtu akitolewa mtoto wa jicho, tulimpa miwani ile mizito tuliyoiita miwani ya chupa. Msiicheke. Iliwatoa watu gizani. Lakini ilikuwa na visa vyake. Kila kitu kilionekana kikubwa na kilichosogea karibu, na kila mstari ulionyooka ulipinda kingoni. Mama mmoja wa Olenguruone aliniletea mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwenye kibuyu kwa shukrani, akasisitiza anitilie mwenyewe. Alimimina kwa madaha, yote mapajani mwangu, kisha akanigombeza kwa kusogeza kikombe. Sikuwa nimesogeza kikombe.

Mwishoni mwa miaka ya sabini Daktari Suresh alirudi kutoka masomoni ng'ambo na vichupa vidogo vyenye maji. Ndani ya kila kichupa mlikuwa na lenzi ya plastiki, ndogo kuliko kifungo cha shati. Tulizizunguka meza nzima tukitazama, hakuna aliyethubutu kupumua karibu. Zote zilikuwa za namba kumi na tisa, kwa sababu wakati huo wengi waliamini namba hiyo inamtosha karibu kila mtu.

Inawatosha wengi, kweli. Wa pili kuwekewa alikuwa mwalimu mstaafu wa Molo, mtu wa macho madogo yaliyoingia ndani, na tangu ujana alivaa miwani ya kukuza. Upasuaji ulikwenda vizuri ajabu. Tulipompima baadaye, bado alihitaji miwani nzito juu ya ile lenzi ya ndani. Mwalimu alikuwa mtu wa heshima, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Daktari, uliniahidi nitaacha chupa. Sasa niko na chupa ndani na chupa nje."

Daktari Suresh hakula chakula cha mchana siku hiyo. Hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya cheo. Alisoma, akawauliza wenzake waliofanya kazi hiyo kabla yake, na baada ya muda akaja na kanuni. Chukua namba ya miwani aliyovaa mgonjwa kabla ya mtoto wa jicho. Izidishe kwa moja na robo. Ongeza kumi na nane. Ndiyo lenzi yake. Mtu aliyekuwa hahitaji miwani anapata kumi na nane. Mtu wa miwani ya namba nne ya kukuza anapata ishirini na tatu. Namba ya miwani ya ujana ndiyo iliyotupimia urefu wa jicho, maana mashine ya kupimia hatukuwa nayo, na sikumbuki kuiona mahali popote karibu nasi.

Na neno la kushika hapo ni "kabla". Kuna mtoto wa jicho anayekomaza kiini cha lenzi, na kiini kikikomaa, lenzi ya kuzaliwa nayo inakuwa kali zaidi. Namba ya miwani ya kukuza inashuka. Bibi wa miaka sabini anaanza kusoma Biblia bila miwani, familia inamshukuru Mungu kwa kumrudishia macho, kumbe ni ugonjwa unaingia. Ukitumia namba ya wakati huo kwenye hesabu yako, utadhani jicho fupi ni jicho la kawaida. Hili tulilijua vizuri. Hata hivyo karibu litunase, na sasa nawaeleza lilivyotaka kutunasa.

Mzee Gathogo alikuwa fundi wa misumeno katika kiwanda cha mbao kule Elburgon. Kazi yake haikuwa kupasua magogo. Yeye alinoa misumeno mirefu ya mashine, akainyoosha kwa nyundo, na kuipima kwa jicho: fundi anainua bapa usawa wa pua, anafumba jicho moja, anatazama ukingo wote mpaka mwisho. Bapa likiwa limepinda hata kidogo, mbao zinatoka zimejikunja, na likikatika linazunguka, linaua mtu. Yeye mwenyewe hakuhitaji kufumba jicho lolote. La kushoto lilikufa zamani, kwa kipande cha chuma kilichoruka. Lilibaki la kulia, na la kulia sasa lilikuwa na ukungu mzito.

Alikuja na tajiri wake, Sardar Mohan, Singasinga mnene mwenye kiwanda, aliyemshika mkono kwenye ngazi kama ndugu yake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Sardar alituambia waziwazi bila kumficha mzee. Alikuwa amemweka fundi mwingine kwa muda. Miwani ya chupa hatairuhusu karibu na mashine, kwa sababu alikuwa na mtu mwingine aliyeivaa, naye alinyoosha mkono kushika mkanda akakosea umbali wake, na akaacha vidole viwili pale. Gathogo akiona mstari ulionyooka umenyooka, kazi ni yake. Asipoona, basi, atampa shamba kidogo alime viazi.

Mzee Gathogo alisikiliza maneno hayo akiwa amekaa wima. Kisha akasema kwamba yeye viazi anajua kula tu.

Kwa hiyo mnaona ilivyokuwa. Jicho moja tu, na kazi moja ya maisha. Miwani ya chupa ingempa mwanga na kumnyang'anya msumeno. Lazima iwe lenzi ya ndani, na lazima iwe namba sahihi, kwa sababu ikikosewa sana atarudi kwenye miwani nzito, na katika jicho kama hilo hatungethubutu kuingia mara ya pili kuibadilisha.

Nikamwuliza habari za miwani yake. Akatoa mfukoni miwani ya fremu nyeusi, ya mviringo, iliyofungwa waya kwenye bawaba. "Hii ndio miwani yangu tangu nikiwa kijana," akasema. "Sardar alininunulia hapa Nakuru, mwaka wa kwanza wa kazi. Sijawahi kuwa na ingine."

Fremu ilikuwa ya zamani kweli, ya mtindo uliokwisha madukani. Nilishika lenzi ya kulia mbele ya dirisha, nikapima. Namba moja tu ya kukuza. Nikapima mara ya pili. Moja. Daktari naye akapima. Hesabu ikawa kumi na tisa na robo, na kabatini tulikuwa na kumi na tisa. Tulifurahi kama watu waliookota pesa. Mzee akapewa tarehe, Sardar akatuletea kreti ya soda.

Kuna kitu kilinisumbua, lakini sikukipa jina. Kioo cha mbele cha jicho lake kilikuwa kidogo, na nafasi iliyo nyuma yake ilikuwa finyu. Daktari aliiona pia, akasema mtoto wa jicho akivimba husukuma mbele, jambo ambalo ni kweli. Miwani ilikuwa imeshasema, nasi tuliiamini miwani.

Asubuhi ya upasuaji nilimkuta mzee amekaa kitandani kwa nguo za wadi, kando ya dirisha, na mkononi ana mkasi wetu wa kukatia bandeji. Alikuwa ameuomba kwa mfagizi. Alisema alinisikia nikikata bandeji jana, mkasi unatafuna kama ng'ombe, akaona aibu kwa niaba yangu. Alikuwa akiunoa taratibu kwa tupa ndogo aliyoificha mfukoni mwa koti lake, na kila baada ya mikwaruzo miwili aliinua kitu kwenye jicho lake na kuusogeza mkasi karibu kabisa.

Kitu chenyewe kilikuwa lenzi, imechomekwa kwenye mpini mfupi wa mbao ya mseduka. Kazi safi kabisa. Nikamwuliza ameitoa wapi.

"Si ni ya hii miwani," akasema. "Ile ya mwanzo. Miwani ikianza kuniumiza, Mzee Alibhai alinitolea kioo akaniwekea kingine. Mara tatu, mara nne hivi. Macho yangu yalikuwa yanapona, Sista. Hii ya kwanza nikaona ni nzuri ya kuangalia meno ya msumeno, nikatengenezea mpini."

Niliketi kitandani kwake, jambo ambalo nilikuwa nikiwakataza wauguzi wadogo.

Vijana, lazima mjue watu walivyokuwa. Siku hizi namba ikibadilika mtu anataka fremu mpya, ya rangi, ya jina. Wakati ule fremu ilikuwa mali. Ulinunuliwa moja, ukaitunza, ukaifunga waya, ukazikwa nayo. Kioo kilibadilishwa ndani ya fremu ile ile, na mtu aliendelea kusema "miwani yangu ya ujana" bila uongo wowote, kama vile mtu anavyosema nyumba yangu ya zamani ilhali mabati ameyabadilisha yote. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hiyo dukani kwa Mzee Alibhai, niliwabadilishia watu vioo mwaka baada ya mwaka. Sikufikiria kumwuliza mzee lini vioo vilibadilishwa. Daktari hakufikiria. Sote wawili tulikuwa tumeuliza umri wa miwani, na mzee akatujibu umri wa fremu.

Nilimwomba ile lenzi. Hakutaka. Nikamwambia nitamrudishia kabla chai haijapoa. Nikaitoa kwenye mpini kwa shida, maana aliibana vizuri, nikaishika juu ya duara la kulia la fremu. Ilikaa pale pale, hata kona moja iliyosagwa bapa upande wa pua ilikutana na mwenzake. Hakuna shaka ilikuwa yake. Kisha nikaenda dirishani. Nondo zilikimbia kinyume na mkono wangu kwa kasi ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Niliweka lenzi ya kupunguza ya namba nne, zikakimbia bado. Ya sita, zikakimbia kidogo. Ya sita na nusu, zikatulia. Nikarudia, zikatulia pale pale. Hapo ndipo nilipomhitaji Mzee Alibhai, anyanyue nyusi au asinyanyue, nijue.

Nilimkuta Daktari Suresh akinawa mikono. Nilimwekea lenzi mbele ya macho nikamweleza. Alizima bomba. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alizidisha kwa midomo tu, akasema ishirini na sita, kisha akasema namba ilishuka kidogo kidogo miaka yote hiyo kwa sababu kiini kilikuwa kikikomaa, na sisi tumepima mwisho wa mteremko. Akaegemea ukuta. Kabatini palikuwa na kumi na tisa tupu. Ishirini na sita ingetoka ng'ambo, na kitu cha ng'ambo kilifika kilipopenda.

Akaniambia ninachojua hata mimi. Mgonjwa ukimrudisha nyumbani siku ya upasuaji, mara nyingi ndiyo umempoteza. Anaona hospitali imemkataa, au Mungu amemkataa, harudi. Na ukungu ukizidi kukomaa, lenzi inaweza kuvimba na kuliua jicho lenyewe. Alikuwa akiwaza kwa sauti, wala hakuwa mwoga. Aliuliza kama si afadhali kumtoa mtoto wa jicho leo, tusimwekee chochote, tumpe chupa na mwanga, angalau awaone wajukuu.

"Daktari," nikamwambia, "huyo mzee hakuja kuona wajukuu. Alikuja kuona msumeno. Mrudishe, na mimi nitamleta. Lenzi ikifika nitaenda Elburgon mwenyewe nimlete."

Daktari akafunga bomba vizuri, maana lilikuwa bado linadondosha, akasema twende tukamwambie pamoja.

Mzee Gathogo alikasirika kweli. Alituuliza kama sisi ni watu wa mchezo. Ameshafunga, ameshaoga, ameshamuaga mke wake kama mtu anayekwenda safari, na sasa tunamwambia arudi. Alisema tumwekee hiyo tuliyo nayo, yeye atazoea, amezoea mambo mengi. Daktari alimweleza kwa subira. Hakuelewa. Basi nikachukua mkasi wake, nikauliza kama angekubali kunoa msumeno wa meno makubwa kwa tupa ya msumeno wa meno madogo, kwa sababu tu ndiyo tupa iliyokuwa karibu na mwenye msumeno ana haraka.

Akasema hapana, hiyo ni kuharibu msumeno. Kisha akadai lenzi yake irudishwe kwenye mpini, na iwe imebana kama alivyoibana yeye. Haikubana vile. Alinilaumu kwa hilo mpaka mwisho.

Nilipanda lori la mbao lililokuwa likirudi Elburgon tupu, nikamfuata Sardar Mohan kiwandani. Kelele za pale zilikuwa za kuziba masikio, ikabidi tuzungumzie kwenye stoo. Nilimwomba asimpe mtu nafasi ya Gathogo mpaka lenzi ifike. Aliniuliza itafika lini, nikasema sijui. Aliniuliza kama nina hakika ataona mstari umenyooka, nikasema nina hakika na namba. Jicho ni la Mungu. Alikuna ndevu. Akasema fundi mpya ni mzuri, hana lawama, na kiwanda hakiwezi kumngoja mtu kwa mapenzi. Lakini siku mzee atakapopona, atamletea msumeno ulionolewa na huyo fundi mpya, na mzee aseme kama umenyooka. Akisema sawa, atamrudisha. Akikosea, habari za shamba la viazi zitabaki pale pale. Niliona ni haki. Sikuwa na kingine cha kuomba.

Lenzi ilichelewa. Nilikuwa nikienda posta mpaka karani akaanza kutikisa kichwa akiniona mlangoni. Sikukata tamaa, ila nilikuwa na hasira, hasira ya kuamka nayo. Kila mgonjwa aliyeingia kliniki wakati huo nilimwuliza lini alibadilisha vioo, hata aliyekuja na uvimbe wa kope tu. Na kila wiki nilituma salamu Elburgon kwa madereva wa mbao: mwambieni mzee asiende kwa waganga wa kutia dawa machoni, namba yake inakuja. Walimfikishia. Alinijibu kwa njia hiyo hiyo kwamba yeye bado anaweza kusikia msumeno mbovu kwa masikio, na kwamba fundi mpya anagonga nyundo kama anayetwanga mahindi.

Ilipofika, ilikuwa ishirini na sita kamili. Nilimleta kama nilivyosema. Upasuaji wa jicho fupi ni kazi ya kubana pumzi, kila kitu kimesongamana na kinataka kutoka nje, na nilimwona Daktari Suresh akitoka jasho mpaka shingoni. Lakini mkono wake ulitulia. Lenzi ilikaa, kidonda kikafungwa, mzee akalazwa chali na mifuko ya mchanga pande zote za kichwa, akilalamika kuhusu uji.

Tukangoja jicho lipoe na mishono itulie. Nilimpima siku ya mwisho. Kwa mbali hakuhitaji karibu chochote. Kwa karibu, miwani nyembamba ya kusomea, ya aina wanayovaa makarani. Niliiweka ndani ya fremu yake nyeusi, maana angenikatalia fremu nyingine. Niliandika namba, nikaweka kalamu chini, nikaona nalia. Daktari alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Lakini namba peke yake haikumrudishia kazi. Sardar Mohan alikuwa nje na msumeno umefungwa gunia. Hakuleta ule mkubwa wa mashine, usingeingia mlangoni. Alileta wa mkono, mrefu, mpya kabisa, uliopita mikononi mwa fundi mpya siku hiyo hiyo. Mzee Gathogo alivua miwani ya kusomea, akaitia mfukoni. Akausogelea mlango uliokuwa wazi, mwanga ukiwa nyuma yake. Akauinua msumeno usawa wa pua, akatazama ukingo wake wote mpaka mwisho. Akaugeuza. Akatazama tena, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Umepinda," akasema.

Mistari kupinda ndicho kitu tulichokuwa tumepigana nacho tangu mwanzo, ndicho kilichomrudisha nyumbani kwa aibu, ndicho kilichonipeleka Elburgon. Daktari Suresh alikuwa amesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Sardar alimwonea huruma, niliona usoni mwake, na alikuwa karibu kuufunga msumeno kwenye gunia.

Mzee hakumwachia aufunge. Aliusukuma msumeno kifuani mwa Sardar. "Si jicho, Sardar. Hapa, karibu na mwisho. Weka kwa kioo uone."

Sardar aliuchukua msumeno akaenda nao mpaka kwenye meza yetu ya vyombo, ile yenye kioo juu. Akaulaza ubavu, akaubonyeza kwa vidole vinene pande zote mbili, akainama mpaka kilemba kikagusa meza. Sote tuliinama. Karibu na mwisho, chini ya chuma, mwanga ulikuwa ukipita, mwembamba kama uzi.

Mzee Gathogo alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati, akaniuliza kama kliniki ina nyundo.